Mchicha wa usiku, ayala wa mchana

Nimepotea kidogo hapa, nisameheni. Wiki mbili hizi nilikuwa nakimbizana na habari za bajeti za halmashauri, na ukitoka huko hata hamu ya kuandika cha kwako huna. Lakini kuna jambo limenikera tangu Ijumaa, na nikiendelea kulimeza litanivimbia tumboni. Kwa hiyo leo mtanivumilia, nitaandika kirefu.

Ijumaa jioni tulikuwa kijiweni, mimi na wenzangu wa chumba cha habari, pamoja na jamaa wawili wa benki. Watu wenye digrii zao. Nikawasimulia habari za rafiki yangu aliyeko Boise, jimbo la Idaho, Marekani, anayejiandaa kwenda kuwinda mwezi wa kumi. Anakwenda kwenye nyika kame ya milimani, mahali asipopajua, kumtafuta mnyama ambaye hajawahi kumwinda. Nilidhani watauliza maswali. Wakacheka! Mmoja akasema, "Mtu kakimbia vita Kongo, kafika Marekani, anaanza kufukuzana na swala porini? Kwani supermaketi zimefungwa?" Mwingine akasema huko ni kutaka kuwa mzungu kwa nguvu. Wa tatu ndiye aliyeniudhi, maana ni mwandishi mwenzangu na kwa kawaida ana akili. Akatoa hukumu: "Kuwinda ni ujangili tu. Mzungu akifanya anapewa karatasi, basi."

Mimi nikanyamaza, nikaagiza soda nyingine. Ndiyo aibu ninayokuja kuifuta hapa.

Huyu rafiki yangu simtaji jina, hajaniruhusu. Mimi nimekulia Kasulu, yeye kakulia kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Tulijuana kwa mpira, timu yetu ya mtaani na timu yao ya kambini, na walikuwa wanatufunga. Sheria yetu ya wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae kambini, akitoka awe na kibali. Sasa mfikirie kijana wa miaka kumi na minne anayekula mgawo wa mahindi na maharage, wiki baada ya wiki, na nje ya kambi kuna pori. Watu walikuwa wanatoka. Nyama waliyorudi nayo ilipikwa giza likishaingia, ili moshi na harufu visimwite askari. Ikapewa jina: mchicha wa usiku. Sibuni. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti juu ya nyama ya porini kwenye kambi za wakimbizi za Kigoma na Kagera, na jina hilohilo ndilo lililokaa kwenye jalada.

Rafiki yangu ameila hiyo mchicha. Anasema alikuwa anatafuna huku ameshika pumzi.

Leo ni raia wa Marekani. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, ana watoto wawili, na amepata tagi ya ayala dume. Tagi ni ile karatasi anayoidharau mwandishi mwenzangu. Basi tuizungumze hiyo karatasi, maana hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Kwanza mnyama mwenyewe. Wamarekani wanamwita mule deer. Kiswahili hakina jina lake kwa sababu huku hatuna ukoo wake; wanaosoma Biblia wanamjua ayala, nami nitatumia hilo. Mule ni baghala, na ameitwa hivyo kwa sababu ya masikio yake makubwa. Siyo swala, wala msimwite swala. Swala anakaa na pembe zake maisha yote, wakati ayala dume huziangusha kila mwaka akaotesha nyingine. Akishtuka harushi miguu kama mbuzi anayekimbia, hudunda kwa miguu yote minne kwa pamoja, kama mpira, akapanda mlima kwa namna hiyo mpaka umsahau.

Halafu mahali. Kaunti ya Owyhee iko kona ya kusini-magharibi ya Idaho, inapakana na Oregon na Nevada. Ina karibu kilomita za mraba 20,000, yaani kubwa kuliko mkoa wetu wote wa Kilimanjaro, na sensa yao ya mwaka 2020 ilikuta watu wasiofika 12,000. Ukisikia jangwa usifikirie mchanga na ngamia. Ni uwanda wa juu wenye vichaka vya rangi ya majivu vinavyonukia kama dawa, mawe meusi ya volkano, milima yenye misonobari mifupi, na makorongo ambayo huyaoni mpaka umebakiza hatua chache utumbukie. Oktoba usiku maji yanaweza kuganda kwenye chupa, mchana ukavua koti.

Na jina lenyewe ni onyo. Owyhee ni namna ya zamani ya kuandika Hawaii. Karibu mwaka 1819 msafara wa wafanyabiashara ya ngozi ulikuwa na wafanyakazi kutoka visiwa vya Hawaii. Watatu kati yao walitumwa kuukagua mto wa huko wakitafuta wanyama wenye manyoya. Hawakurudi tena. Mto ukabaki na jina la kwao. Wageni watatu, kazi ya watu, nchi wasiyoijua. Rafiki yangu alinisimulia hilo kwa sauti ya WhatsApp usiku wa manane, akiwa mapumzikoni kazini, akacheka peke yake, kisha akasema, "Ndugu yangu, ndiyo maana mimi naanza na ramani."

Watu wanadhani kuwinda ni bunduki. Ya kwake ni ya mitumba na hatujaizungumzia zaidi ya dakika mbili. Miezi yote hii tumezungumza makaratasi, ramani, maji, barabara na nyama.

Karatasi ya kwanza ni kozi. Idaho, kama umezaliwa mwaka 1975 au baada ya hapo, hupewi leseni ya kuwinda mpaka uwe umesoma elimu ya uwindaji: usalama wa silaha, sheria, jinsi ya kumtambua mnyama kabla hujafyatua. Alikaa na watoto wa miaka kumi kwenye darasa hilo, na anasema walimshinda kwenye majaribio ya kwanza. Kisha leseni, kisha tagi. Kwa mkazi wa jimbo leseni na tagi ya ayala kwa pamoja hazifiki dola 50. Mgeni kutoka jimbo jingine analipa mara nyingi zaidi ya hapo.

Sasa sikilizeni hili. Kwa maeneo yenye ukomo wa wawindaji, tagi hazinunuliwi dukani. Unaomba mwezi wa tano hadi mwanzoni mwa Juni, halafu inachezeshwa droo. Na Idaho, tofauti na majirani zake wengi, haina mfumo wa pointi kwa ayala. Nevada kule jirani, mwaka unaokosa unapewa pointi, na pointi hizo wanazizidisha zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo aliyekosa miaka kumi anaingia kwenye droo na nafasi zaidi ya mia moja. Idaho hakuna cha hivyo. Mzee aliyeomba miaka arobaini na mfanyakazi wa ghala anayeomba mara ya kwanza wana nafasi sawasawa kwenye chombo. Daktari wa meno wa Boise aliomba, rafiki yangu aliomba, na aliyetoka ni rafiki yangu!

Mniambie, ni wapi pengine mtu aliyewahi kupika nyama gizani amewahi kusimama foleni moja na daktari, akapita yeye?

Na ndiyo tofauti ninayotaka muione. Jamaa anasema "mzungu anapewa karatasi". Mimi nauliza: inatolewaje hiyo karatasi, kwa bei gani, na nani anaruhusiwa kuomba? Ukishajibu hayo ndipo uje na neno ujangili.

Baada ya karatasi zikaja takwimu. Idara ya wanyamapori ya Idaho inachapisha kila msimu, kwa kila eneo la uwindaji: walioomba wangapi, waliopata tagi wangapi, waliorudi na mnyama wangapi, na kati ya madume yaliyouawa ni mangapi yalikuwa na pembe kubwa. Wataalamu wao huhesabu kwa helikopta na kuwafunga ndama mikanda ya redio shingoni wajue wangapi wamevuka majira ya baridi. Yote hayo yanasomwa bure. Rafiki yangu aliyapakua, akayapanga kwenye daftari la mtoto wake la hesabu. Kisha akapiga simu ofisi ya kanda, akampata mtaalamu wa wanyama, na mtu yule akaongea naye karibu nusu saa: mvua ilivyokuwa, chemchemi zipi hukauka, barabara ipi usiiguse ikinyesha.

Mimi mwenzenu, mwandishi wa habari mwenye kitambulisho, niliwahi kwenda kwenye ofisi moja hapa nchini kuuliza habari za kitalu kimoja cha uwindaji: nani amepewa, idadi gani ya wanyama, kijiji jirani kinapata nini. Nikaambiwa nilete barua. Nikaleta barua. Nikaambiwa barua iko kwa mkubwa. Hiyo barua sasa ina mwaka na nusu, bila shaka imeshaanza kuota mvi.

Turudi kwenye ramani. Ramani za serikali yao zina rangi. Njano ni ardhi ya serikali kuu iliyo chini ya BLM, shirika linalosimamia ardhi za umma. Kijani ni misitu ya taifa, buluu ni ardhi ya jimbo, nyeupe ni ya mtu binafsi. Zaidi ya asilimia 60 ya Idaho ni ya serikali kuu, na sehemu kubwa ya Owyhee ni njano. Maana yake unaegesha gari, unatembea, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Lakini ndani ya njano kuna vipande vyeupe, na mara nyingi vyeupe vimekaa juu ya maji, kwa sababu wafugaji wa kwanza hawakuwa wajinga. Mpango wa kwanza wa rafiki yangu ulikuwa mzuri sana mpaka alipokuza ramani akaona njia yake inapita mita mia mbili kwenye nyeupe. Akaufuta wote. Usiku mzima wa kazi ukapotea.

Kuna jambo la kona pia. Vipande vya umma vikigusana kwa ncha tu, kama vyumba vya ubao wa drafti, je, unaweza kuruka kutoka ncha hadi ncha bila kukanyaga kwa mtu? Huko Wyoming wawindaji wanne kutoka Missouri walifanya hivyo mwaka 2021, wakatumia hata ngazi ili wasiguse ardhi ya ranchi. Mwenye ranchi akawashtaki akitaka fidia ya mamilioni ya dola, eti wamepita kwenye hewa yake. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawapa ushindi wawindaji. Hukumu hiyo haiifungi Idaho, ndiyo maana rafiki yangu amekaa mbali na kona. Yeye hana hela ya wakili wa hewa.

Kisha moto. Agosti 2015 moto walioupa jina la Soda uliteketeza zaidi ya ekari 270,000 kwenye mpaka wa Idaho na Oregon, sehemu kubwa ikiwa Owyhee. Panapoungua, vichaka anavyokula ayala wakati wa baridi huchukua miaka mingi sana kurudi, na mahali pake huota nyasi ya kigeni inayokauka mapema na kuwaka kama karatasi. Kwa hiyo panaungua tena. Ukiwa mgeni unaona uwanda wa dhahabu unapendeza kwenye picha, kumbe ni meza tupu. Rafiki yangu alichukua ramani za moto za miaka kumi na mitano, akaziweka juu ya ramani ya rangi, akafuta theluthi nzima ya mahali alipokuwa amepapenda. Amebakiza kingo, pale palipoungua panapokutana na pasipoungua, na miteremko inayotazama kaskazini ambako dume hulala kivulini mchana.

Mpango wenyewe wa kuwinda ni wa kukaa. Kabla ya jua anapanda mahali pa juu, jua limchomozee mgongoni, anakaa na darubini. Hamtafuti ayala, anatafuta sikio. Au mkia. Au mstari mlalo katikati ya vichaka vilivyosimama. Anakagua mlima kipande kwa kipande kama mhariri anayekagua kurasa, kisha anaurudia. Saa tatu, saa nne. Mtu wa kazi ya usiku hana shida na kukesha, shida yake ni kutosinzia kukipambazuka.

Kuhusu maji, amepanga kubeba yote: lita sita kwa siku kwa mtu, na akiba garini. Chemchemi iliyoandikwa kwenye ramani huenda ni tope lenye kwato za ng'ombe. Barabara za huko ni udongo ambao ukinyesha unakuwa kama sabuni, na gari linaweza kukaa hapo siku mbili. Ana tairi mbili za akiba, koleo, na kamba aliyoazimwa na fundi wa Kibosnia. Simu haishiki. Mkewe atakuwa na karatasi yenye jina la barabara, mahali pa kuegesha, na saa ambayo ikipita apige simu polisi wa kaunti.

Na nyama. Hapa ndipo ninapowaomba mliocheka mkae kimya kidogo. Idaho ni kosa kisheria kuiacha nyama inayolika iharibike. Ukipiga dume ukachukua kichwa na pembe ukaiacha nyama, una kesi. Kwa hiyo yeye kajiwekea kanuni, ameiandika kwa kalamu nyekundu: akimwona dume jioni, zaidi ya kilomita nne kutoka kwenye gari, au chini ya korongo ambalo hawezi kulipanda akiwa na mzigo, hapigi. Hata awe mkubwa namna gani. Maana dume akianguka kazi ndiyo inaanza: kumchuna haraka ili joto litoke, kuitoa nyama mifupani, kuitia kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, kilo thelathini na zaidi mgongoni, safari mbili za kwenda na kurudi. "Nyama ya kambini hatukuitupa hata mshipa," aliniambia. "Nitaanza leo kutupa?"

Kuna mtu alimpigia akitaka kumuuzia nukta. Ndiyo biashara ya siku hizi: unalipa, unatumiwa nukta za GPS ulipoonekana dume mkubwa, unakwenda moja kwa moja. Bei ilikuwa karibu mshahara wake wa wiki. Alinitumia ujumbe, akaniuliza kaka unaonaje. Nikamwambia ukinunua nukta utakuwa umepelekewa mnyama kama pizza. Sikumwambia kwa upole. Alikaa siku mbili bila kunijibu, halafu akatuma picha ya daftari, na nukta saba alizozitafuta mwenyewe.

Mkewe ana hofu nyingine, na mimi ninayo. Mtu mweusi, peke yake, na bunduki, kwenye kaunti ya watu 12,000 ambako karibu wote si weusi. Sitajifanya kwamba hofu hiyo ni ya kijinga. Idaho haikulazimishi kuvaa kizibao cha rangi ya chungwa, yeye kanunua viwili. Amemtafuta ofisa wa wanyamapori wa eneo lile, akamwambia gari lake ni lipi na ataegesha wapi. Na haendi peke yake tena, anakwenda na yule fundi wa Kibosnia, naye mkimbizi wa zamani. Tagi ni moja, macho ni manne.

Sasa msinielewe vibaya, sijageuka wakala wa utalii wa Idaho. Hiyo ardhi ya njano haikudondoka kutoka mbinguni ikiwa ya umma. Ilikuwa ya Washoshone na Wapaiute. Leo wana hifadhi yao ya Duck Valley, iliyoanzishwa mwaka 1877, kwenye mpaka wa Idaho na Nevada, sehemu ndogo ya nchi waliyokuwa wakiwinda ayala huyohuyo bila tagi. Rafiki yangu analijua hilo. Mtu aliyenyang'anywa kwao hahitaji kufundishwa.

Wala majangili hawakosekani huko. Januari 1981, kando ya tawi la kusini la mto Owyhee, mtega wanyama Claude Dallas aliwaua kwa risasi maofisa wawili wa wanyamapori, Bill Pogue na Conley Elms, waliofika kambini kwake kumhoji juu ya uwindaji haramu. Mwaka 1982 mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akapewa miaka 30, akatoroka 1986, akakamatwa 1987, akaachiwa 2005. Na wapo waliomfanya shujaa, mtu huru wa nyikani! Mwandishi mwenzangu alitafakari hili: muuaji anaitwa mtu huru, na mtoto wa Nyarugusu aliyetafuna nyama gizani anaitwa jangili. Hapo kweli kuna ubaguzi wa kuandikia makala. Hakuugusa.

Na matajiri wa huko nao wanaruka foleni. Majimbo kadhaa ya magharibi hutenga tagi chache za mnada, na huko Utah tagi moja ya ayala wa kisiwa cha Antelope imewahi kuuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Wanasema fedha inakwenda kwenye uhifadhi, na inakwenda kweli, lakini foleni imerukwa.

Baya zaidi ni la mwaka 2025. Seneta Mike Lee wa Utah alitaka sheria ya bajeti iilazimishe serikali kuu kuuza mamilioni ya ekari za ardhi ya umma katika majimbo ya magharibi. Njano igeuke nyeupe. Waliopiga kelele hawakuwa wanamazingira wa mijini peke yao. Wawindaji, wavuvi, watu wa vyama vyote viwili, wenye kofia za Trump na wasio nazo, walipiga simu kwa wabunge wao mpaka hata maseneta wa Idaho, Republican wote wawili, wakalipinga. Mwishoni mwa Juni pendekezo likaondolewa. Rafiki yangu alipiga simu pia. Mara yake ya kwanza kumpigia mwakilishi, anasema alitetemeka kuliko siku ya usaili wa uraia. Mtu aliyepiga kura yake ya kwanza juzi, anatetea kichaka ambacho hajawahi kukikanyaga, kwa sababu ameambiwa ni chake na ameamini.

Hicho ndicho ninachokionea wivu. Wivu kabisa, sifichi.

Maana sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009 inasema vizuri tu kwamba wanyama wote ni mali ya umma, Rais amekabidhiwa kama mdhamini kwa niaba yetu. Kwenye karatasi mimi na kijana wa Kasulu ni wenye mali. Lakini mwulize huyo kijana kama amewahi kujihisi mwenye mali, au kama anajua foleni ya kuomba iko wapi, au nani alipata mwaka jana. Anachojua ni kwamba magari ya watalii yanapita, na kwamba akikutwa na mguu wa ngiri amekwisha.

Najua mtasema nini. Sisi tuko zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022, Idaho hawafiki milioni mbili na nusu. Tukigawa tagi kwa kila mtu pori litakwisha kwa msimu mmoja. Sawa! Sijasema tugawe bunduki. Hata Kenya walipofunga uwindaji mwaka 1977 walikuwa na sababu zao. Mimi ninadai kidogo zaidi ya hapo: hesabu zibandikwe mahali zisomeke, vitalu na wenyewe na idadi na fedha, kama zile anazozisoma mfanyakazi wa ghala kwenye simu yake wakati wa chai. Na sisi wenye digrii tuache kutumia neno ujangili kama tusi la kuwarushia maskini wakati hatujawahi kuuliza karatasi inatolewaje.

Rafiki yangu anakwenda kuipeleleza barabara wikiendi ya mwisho ya Septemba, bila bunduki, kuhakikisha chemchemi tatu na geti moja. Wengi wanaopata tagi hurudi mikono mitupu, analijua hilo, takwimu zimemwambia. Mkewe ameshanunua jokofu la mitumba, liko gereji, limeshaunganishwa umeme. Kwa sasa lina sombe na barafu tu.